Kwa nyie mnaoanza kuandika ripoti za watoto kortini

Karibuni kazini. Nimezunguka na kesi za malezi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, miaka kadhaa sasa, na kuna kitu nataka mkijue mapema maana mimi nilikijua nikiwa nimeshachelewa.

Kwenye ripoti yangu moja ya mwanzo niliandika "baba hajawahi kumpiga mtoto". Na ni kweli hakuwahi. Alikuwa anampiga mama, mtoto yuko nyuma ya pazia anasikia kila kitu, lakini mimi hilo sikuuliza, niliona hana alama mwilini nikasema basi yuko salama. Korti ikampa baba wikendi, awe anamchukua nyumbani kwa mama. Ikifika Alhamisi mtoto anaanza kukojoa kitandani, na Ijumaa moja mama akapigwa tena pale pale mlangoni wakati wa kumkabidhi, mtoto amesimama na begi lake la shule mkononi.

Sasa sikilizeni wadogo zangu. Sheria ya Watoto inamtaka hakimu atangulize maslahi ya mtoto, na moja ya mambo anayotakiwa kupima ni madhara ambayo mtoto ameshayapata au yuko hatarini kuyapata. Sheria ya unyanyasaji wa nyumbani ya 2010 nayo haiishii kwenye ngumi, kuna vitisho, kudhalilishwa, kunyimwa hela ya matumizi, yote yamo. Lakini hakimu haishi kwenye ile nyumba, anategemea mlichomwandikia, na ukiandika "wazazi wana ugomvi" umeshawagawia kosa nusu kwa nusu. Andika nani alimfanyia nani nini, lini, mtoto alikuwa wapi, na baada ya hapo alibadilika vipi, analala, anakula, shuleni yukoje. Mwalimu muulize, anaona mengi sana.

Kitu kingine, mama anaweza kuja anababaika, tarehe zinamchanganya, analia, halafu baba ametulia, shati limepigwa pasi, anaongea vizuri. Msipime ukweli kwa hilo. Mtu aliyeishi kwa hofu hasimulii kwa mpangilio, kwa hiyo tafuteni daftari la LC, yaani baraza la kijiji, fomu ya polisi ya matibabu, jirani aliyewahi kufungua mlango usiku.

Mtoto naye msimuulize anataka kukaa na nani wakati mzazi yuko kwenye benchi hapo nje, atataja yule anayemwogopa. Korti ya familia na watoto inakaa faragha na inatakiwa iulize kwa upole bila kumbana mtoto, sasa kama sisi wenyewe tumeshambana kabla hajafika huko, faragha hiyo itamsaidia nini?

Kwenye mapendekezo msiishie "baba aruhusiwe kumwona". Semeni wapi, nani atakuwepo, na nani atampeleka mtoto ili wazazi wasikutane mlangoni. Na kwetu hapa mpakani kama kuna wasiwasi wa kuvushwa, ombeni amri iseme wazi mtoto asitoke nchini bila ruhusa ya korti, njia za panya ni nyingi, kwa bodaboda dakika chache tu yuko Kenya. Kabla hamjaondoka kwenye nyumba hiyo mwachieni mtu mzima ambaye mtoto anamwamini ile namba 116, simu ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure, halafu wiki inayofuata rudini mkamwone mtoto, hata kama faili limefungwa.