Jibu: Mtungi wa gesi uliokaa miaka miwili kwenye karavani
Habari mkuu. Umeuliza kama gesi iliyokaa miaka miwili kwenye karavani imeharibika. Gesi yenyewe haiozi. Kinachochakaa ni mpira wa kupitishia gesi na regulata (kile kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi kinachofungwa kwenye mtungi). Anza hapo: ukiukunja mpira ukaona nyufa, tupa. Wangu ulionekana mzima kabisa, lakini nilipopaka povu la sabuni kwenye kiungio, mapovu yaliuumbua kuwa unavuja. Wako siwezi kuusemea bila kuuona.

Ukiuhifadhi tena mtungi, funga valvu, chomoa regulata, utoe nje usimame wima, kivulini penye hewa. Usiuweke shimoni: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Hata mtungi "mtupu" una mabaki. Na kama ni buteni (aina mojawapo ya gesi ya mitungi), kwenye baridi ya nyuzi 0 haitoki vizuri, usije ukadhani imeisha.