Ami Nijibu: Kuandika ndege ni kazi kweli?

SUALI: Assalam alaykum Ami. Mie kijana wa Konde, Pemba, nimemaliza fomu foo. Tokea mdogo napenda ndege, nna madaftari matatu nimeandika kila nnachokiona nikipita njia ya msitu wa Ngezi. Nataka niwe mwandishi wa habari za ndege, basi. Baba anasema hiyo si kazi ni kuzurura, na mama ndo kabisa, hataki hata jina la bundi litajwe ndani ya nyumba. Nimekuletea ukurasa mmoja uone. Niache?

JAWABU: Wa alaykum salaam mwanangu. Usiache, ila baba yako nusu yake kasema kweli, kuandika ndege peke yake hakujazi chungu. Yule Mngereza Pakenham alokuwa akiandika ndege wa Unguja na Pemba alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mshahara ukitoka huko. Bundi wa Pemba alimtangaza kwa wataalamu 1937, orodha yake ya ndege wa visiwa hivi ikatoka 1979, piga hesabu mwenyewe hiyo miaka. Kwa hiyo tafuta na kazi nyengine, usomeshe, au utembeze wageni hapo hapo Ngezi, mana wanakuja kutafuta ndege wane ambao dunia nzima wako Pemba tu: bundi huyo huyo, ninga, chozi, na kale kadogo ka manjano kenye duara jeupe machoni.

Sasa huo ukurasa wako. Juu umeandika "ndege ni pambo la Mwenyezi Mungu" na kadhalika, hayo kila mtu anayaandika, nimeyaruka. Lakini chini huku: "Baada ya magharibi, mkarafuu wa nyuma ya kisima. Hu. Kimya, nimehesabu mpaka kumi na tatu. Hu." Hapo nilisita na chai mkononi wallahi, mana ndo anavyolia, sauti moja moja na huwezi kujua ya pili itakuja lini. Andika hivyo hivyo, mti gani, saa ngapi, na wazee wanamwitaje, majina ya Kipemba yanapotea haraka kuliko ndege wenyewe.

Na mama yako usishindane naye. Muulize huyo bundi kamfanya nini, uandike anavyosema yeye neno kwa neno, utuletee tuchape. Malipo yapo, ila nauli ya boti hayafiki.