Muuzaji wa Kwanza Ni Tajiri Wako

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa miaka 23, nina stashahada ya biashara, na miezi miwili iliyopita niliajiriwa kuwa afisa mauzo katika kiwanda kidogo cha sabuni ya maji hapa Tanga. Kabla yangu hakukuwa na mtu wa mauzo. Tajiri mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuza. Nilikabidhiwa madumu ya sabuni nikaambiwa nikatafute wateja, bila orodha ya bei wala eneo maalumu. Nimekwenda Muheza, Korogwe hadi Lushoto, na fedha ya nauli imekwisha. Wenye maduka wanataka niwaachie mzigo kwa mali kauli. Wawili niliowaachia hawajalipa, na tajiri amesema fedha hizo zitatoka katika mshahara wangu. Nifanyeje ili nifaulu?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unajihesabu kuwa mtu wa kwanza wa mauzo katika kiwanda hicho, lakini kwa hesabu yangu wewe ni wa pili. Wa kwanza ni tajiri wako, kwani kama asingekuwa ameiuza sabuni hiyo kwa mikono yake, kusingepatikana mshahara wa kukuajiri. Kosa lililofanyika, nami naliona kuwa ni lake zaidi kuliko lako, ni kukutuma njiani kabla hajakurithisha anayoyajua.

Mwombe basi, kwa adabu, wiki moja ya kufuatana naye kwa wateja wake wa zamani. Usiende kuongea, nenda kusikiliza anavyoanza mazungumzo, bei anayoitaja kwanza na ile anayoishia, na malalamiko anayoyajibu bila hata kufikiri. Baadhi ya anayoyafanya hutayaweza, kwa sababu yeye ana idhini ya kupunguza bei papo hapo na amejuana na watu hao miaka mingi. Kwa sababu hiyo, wiki inayofuata rudi kwao peke yako na daftari, uwaulize kwa nini walinunua, walikuwa wakitumia nini kabla, dumu moja linawachukua siku ngapi, na nani hasa anayeamua kununua. Wapo watakaokiri kwamba walinunua kwa kumstahi tajiri wako tu, na hao hawatakufundisha mengi. Lakini mwenye hoteli ya Raskazone akikuambia kwamba anachokipenda si harufu wala povu, bali ni kuletewa dumu siku ileile anayopiga simu, hapo umepata neno la kumwambia mwenye hoteli wa jirani yake. Wateja kumi wa namna hiyo watakupa zaidi ya ulichokipata katika safari zako zote.

Kuhusu safari hizo, sioni sababu ya kupanda Lushoto ilhali Ngamiani, hapahapa mjini Tanga, hujaimaliza. Mitaa yetu ina bahati ya kuwa na namba, basi ifuate barabara moja baada ya nyingine, duka kwa duka na mama ntilie kwa mama ntilie, ukiandika uliyemkuta, alichosema na siku ya kurudi. Anayekuambia leo kwamba bado ana sabuni ya kutosha hajakukataa, amekupa tarehe. Hospitali na shule za serikali ziache kwa sasa, kwani ununuzi wao hupitia NeST, mfumo wa serikali wa kununua kwa njia ya mtandao ulioanza kutumika mwaka 2023, na huko kinachotakiwa ni kiwanda kusajiliwa, jambo ambalo ni la tajiri na si la kijana mwenye dumu la sampuli mlangoni.

Sasa mali kauli, ambayo ndiyo inayowazamisha vijana wengi. Usiitoe tena kwa idhini yako mwenyewe. Kaa na tajiri mkubaliane bei ya chini kabisa unayoruhusiwa kufikia, nani anaweza kukopeshwa, kwa siku ngapi na kiasi gani, kisha muandike na kutia saini. Katika kikao hichohicho ulizia kamisheni, na iwe wazi kama inahesabiwa oda inapotolewa au fedha inapoingia. Mimi ningependelea ya pili, maana itakuzuia kugawa mzigo ovyo. Usione haya kuomba maandishi, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, pamoja na namna malipo yako yanavyokokotolewa. Kifungu cha 28 kinahusu makato: mwajiri hawezi kufidia hasara kwa kukata mshahara kwa neno la mdomo. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza, na uridhie kwa maandishi. Hata hapo makato hayapaswi kuzidi robo ya mshahara. Mweleze hayo kwa upole, si kwa kumtishia, maana bado unahitaji akufundishe.

Ama wale wawili wenye deni, wafuate wiki hii kabla ya kikao hicho. Usianze na fedha. Anza kwa kuuliza wameuza madumu mangapi. Yaliyouzwa, chukua fedha yake, hata kama ni kidogo kidogo, na uwaandikie stakabadhi. Ambayo hayajafunguliwa, yapakie kwenye bodaboda uyarudishe kiwandani, na umwombe mtunza stoo asaini kwamba ameyapokea.