Mtoto wa siko seli akipata homa, usisubiri ujumbe ujibiwe

SWALI: Shikamoo sista. Mwanangu ana miaka sita, ana siko seli. Kliniki yake inaendeshwa na wauguzi, na wametuunganisha na mfumo wa kuona majibu na kutuma ujumbe kwa simu. Majuzi wingi wa damu ulisoma 7.6, namba nyekundu. Nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, mtu akaniambia niache kumpa haidroksiurea, dawa yake ya siko seli, kwa kuwa inamaliza damu, ninunue dawa anayouza yeye. Jana usiku mtoto akachemka, nikaandika kwenye mfumo, nikajibiwa saa tatu asubuhi. Mfumo huu una faida kweli? – Mama wa Nachingwea

JIBU: Marahaba, mama. Kama mtoto hajaonwa tangu jana, funga simu umpeleke hospitali sasa hivi, halafu usome yaliyobaki.

Watoto hawa bandama huharibika mapema, na ndilo linalochuja bakteria kwenye damu. Joto likifika nyuzi 38.5, maambukizi yanaweza kumuua kabla hakujakucha. Anahitaji kupimwa na kuchomwa sindano ya antibiotiki usiku huo huo, hata kama ni kukodi bodaboda.

Linaloniudhi kuliko yote ni mzazi kudhani kwamba akishatuma ujumbe, mtoto ameshafika mikononi mwetu. Alama ya kupokelewa maana yake kompyuta imepokea, basi. Muuguzi anayefungua jumbe hizo ndiye huyo huyo anayepima uzito, anayejaza mafaili na anayetoa dawa, na jioni anarudi kwake. Kliniki iliyokuunganisha ilipaswa kukwambia saa za kujibu na kukupa namba ya simu ya zamu ya usiku. Idai. Kupumua kwa shida, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, mkono au mguu kulegea: hayo nayo hayaandikwi kwenye mfumo, mtoto anabebwa.

Kuhusu ile namba nyekundu, mfumo umemlinganisha mwanao na watoto wasio na siko seli. Wengi wenye ugonjwa huu huishi na damu kati ya 6 na 9. Hata Marekani, ambako kanuni za tangu 2021 zinataka majibu yafunguliwe kwa mgonjwa bila kucheleweshwa, mzazi huona rangi kabla hajapata maelezo. Wewe angalia majibu ya nyuma. Kama kawaida yake ni 7.8, hiyo 7.6 si habari. Kama ni 9, hilo linataka kuonwa haraka. Faida uliyoniuliza iko hapo, katika kulinganisha leo na miezi iliyopita.

Sasa huyo wa kwenye kundi. Haidroksiurea ikizidi inaweza kushusha chembe za damu, ndiyo maana tunapima damu mara kwa mara na kurekebisha dozi kwa uzito. Yeye hakuuliza dozi, hakuuliza uzito, hakuuliza chembe nyeupe. Aliona namba moja akataja bei. Na dawa nyingi za kuongeza damu zina madini ya chuma, ambayo mtoto aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nayo kupita kiasi tayari.

Msimu wa malipo ya korosho wauzaji kama huyu huongezeka, kuanzia Newala hadi Liwale. Mwenye mtoto wa kisukari anaambiwa aache insulini, na mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza bila insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye mtoto wa kifafa anaambiwa vidonge vinaharibu akili. Zamani walitaka kumwona mtoto. Siku hizi wanaomba picha ya majibu, na wengine wanaomba hata nenosiri. Usimpe yeyote. Ile picha ina jina la mwanao na namba ya faili: ifute kwenye kundi.

Na kama umeshaacha haidroksiurea, usiirudishe kwa kukadiria. Mtajie muuguzi siku mlizoruka, na ubebe chupa yenyewe aione.