Mleta uzi, hilo dumu la oili chafu lirudishe gereji leo

Nimesoma hadi pale uliposema fundi amekuahidi dumu la oili chafu la kupaka nguzo ya kupanda, ule mchezo wa kukwea nguzo telezi kufuata zawadi kileleni, nikaacha chai yangu mezani. Hayo mengine uliyouliza kuhusu bonanza lenu la Nane Nane, yaani zawadi, MC, kibali na kiingilio, yatasubiri siku nyingine. Kwanza dumu. Lirudishe. Kama limeshafika kwako, mpe mwenye zizi apake nguzo zake mchwa wasizile. Kazi yake ni hiyo.

Kanuni yangu ni moja na cheka utakavyo: kwenye bonanza la kijijini, chochote kitakachogusa mwili wa mtu kiwe kinaliwa. Kama huwezi kukilamba, usikipake.

Mimi natokea Singida vijijini. Nane Nane yetu haina mabanda wala matrekta ya kupigia picha kama kule Nzuguni, Dodoma. Ni uwanja wa shule, spika mbili za kukodi, na watu waliotoka kuvuna alizeti wana vihela mfukoni na hamu ya kucheka. Mimi nilikuwa kwenye kamati. Tulipanga kukimbia na magunia, kufukuza jogoo, kulishana uji huku wote wawili mmefungwa vitambaa machoni, na kileleni mwa mambo, nguzo ya mkaratusi yenye mguu wa mbuzi juu yake.

Mama mmoja wa kamati akapendekeza tupake sabuni ya mche iliyolowekwa. Akadakia MC tuliyemleta kutoka mjini, jina namhifadhia, mtu wa miwani ya jua hata saa kumi na mbili jioni. "Sabuni ni mambo ya kitoto. Oili chafu ndiyo inanoga, na kwenye picha inaonekana." Inanoga! Kama mchuzi! Na kwa vile oili chafu ni ya bure na mafuta ya kula ni ghali, kamati nzima tukaona tumepata akili kubwa. Yaani mkoa wa alizeti, mafuta yanakamuliwa mtaa wa pili, sisi tunapaka nguzo uchafu wa injini ya lori.

Sasa fikiria jinsi ile nguzo inavyopandwa. Hakuna anayepanda peke yake. Vijana wanasimama mabegani mwa wenzao, wa juu anateleza, anawashukia wote kichwani, wanacheka, wanaanza upya. Baada ya nusu saa huwezi kumjua mtoto wa nani ni yupi. Meno tu. Na watoto wengi walikuja na sare za shule, kwa sababu kijijini ukimwambia mtoto avae vizuri, sare ndiyo nguo yake nzuri. Shati jeupe na oili chafu hazitengani tena, mkuu. Loweka, chemsha, anika juani wiki nzima, doa linakutazama.

Hapo bado tulikuwa tunacheka. Jogoo akafukuzwa na mikono ileile. Jogoo wa Singida ana mbio za kumtoa mtu ulimi, lakini alipokamatwa alikuwa ameshashikwashikwa na kila mtu, mweusi kuanzia mkia. Mshindi akaondoka naye kwa furaha, kesho yake akamrudisha kwa mwenyekiti wa kitongoji akiuliza nani atamla huyu. Uji nao tukaufuta kwenye ratiba, maana hakukuwa na mkono wa kumlisha mtu.

Halafu mgeni rasmi. Kaunda suti ya rangi ya maziwa. Mshindi wa nguzo, kijana mwenye adabu zake, alikuja kupokea zawadi ameinamisha kichwa, na MC akapaza sauti: "Mheshimiwa, mkumbatie kijana wako!" Akamkumbatia. Hotuba yake ya mchango wa madawati ilikuwa mfukoni mwa ile suti, haikusomwa hadi leo.

Lakini suti na sare ni hela tu. Kilichonitoa jasho ni usafishaji. Maji hayatoi oili, sabuni haitoi, basi mtu akaleta mafuta ya taa. Watoto wakaanza kupakana wenyewe, usoni, shingoni, kila mahali. Wengine ngozi ikababuka, mmoja yakamwingia machoni tukamkimbiza zahanati kwa boda. Na wakati huohuo mama lishe wanakaanga maandazi kwenye moto wa kuni, hatua chache tu, na foleni ya vijana waliolowa mafuta ya taa imesimama pale inasubiri andazi. Niliporuka kuwafukuza wakadhani ni mchezo mwingine, wakanizunguka wakishangilia. Mungu alikuwepo, sina maelezo mengine.

MC alikuwa wapi? Kwenye gari, anahesabu hela yake. Fidia za sare tulilipa sisi wanakamati kutoka mifukoni mwetu, na wazazi hawakuwa na haraka ya kusamehe.

Usije ukaniambia "ni oili tu, mafundi wanashinda nayo". Oili iliyokwishatumika imebeba chembe za vyuma vilivyosagika kwenye injini na masizi yake. Fundi ni mtu mzima anayejua anachoshika. Wewe unataka kumpaka mtoto wa darasa la tatu.

Waliozoea vurugu za kila mwaka hii kanuni wanaijua. Makunduchi kule Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, wanaume wanachapana kwa migomba: kishindo kikubwa, majeraha machache. Wahispania wa Buñol wanarushiana nyanya kila Agosti, na sharti ni uiponde kwanza kabla ya kuirusha. Hao wote ni wendawazimu, lakini kwa vitu vya shambani.

Kuvuta kamba, kwa kuwa umetaja: marufuku mtu kujizungushia kamba mkononi, na wingi wa watu uendane na unene wa kamba. Mwaka 1997 huko Taiwan kamba ilikatika, watu wawili wakakatika mikono. Tuendelee.

Ya kupaka nguzo ni mlenda. Agosti mbichi haupo, lakini uliokaushwa na kusagwa upo kila soko la kwetu. Koroga na maji ya moto, acha upoe, utaona unavyovutika. Hata nyani atakoma. Ukimwingia mtoto mdomoni, amekula mboga. Paka mchezo ukikaribia kuanza, maana juani unakauka na utelezi unaisha, na weka ndoo ya akiba ya kurudishia. Chini ya nguzo mwageni mchanga mwingi. Kuku asipakwe kitu, anateleza vya kutosha alivyozaliwa.

Na nguzo ipakwe ikiwa bado imelala chini, zawadi ikiwa tayari imefungwa. Unacheka, lakini sisi tulipaka, tukachimbia, tukasimamisha, watu wakapiga makofi, ndipo mwenyekiti akauliza mguu wa mbuzi uko wapi.