Kabla hujanunua Tekken 3 ya utoto wako

Rafiki yangu niliyesoma naye shule ya msingi kanitumia ujumbe wa sauti juzi. Kapata hela ya likizo, anataka kununua "ile Tekken yetu", yaani Tekken 3, gemu ya kupigana ya PlayStation, achukue ipi? Nikaanza kumjibu kwa sauti, nikajikuta niko dakika ya tisa na hata sijafika kwenye bei. Nikafuta. Naandika hapa ili na wengine msome, maana makosa ya jambo hili nimeshayafanya karibu yote, kwa hela yangu mwenyewe.

Twende kwanza Ngamiani, Tanga. Kibanda cha gemu cha Anko kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mlangoni kanga ya kuzuia jua, ndani benchi mbili, TV ya chogo ya inchi 14, na PlayStation ya kijivu iliyolala kifudifudi, mgongo juu. Mgeni angedhani imeanguka. Ilikuwa imegeuzwa makusudi. Zile mashine za mwanzo lenzi yake ilitembea juu ya reli ya plastiki, na plastiki ikilika lenzi inalala upande, sidii haisomeki. Ukiigeuza mashine, uzito unavuta upande wa pili, inasoma. Anko hakuwa fundi, alijua tu kwamba ikikaa vizuri haichezi. Shilingi 50 mechi, anayepigwa anampisha mwenzake.

Na tuliicheza bila rangi. Miezi! Sidii ya Anko ilikuwa kopi ya toleo la Marekani, la mfumo wa picha wa NTSC, na TV yake ilijua PAL tu, ule mfumo wa Ulaya, kwa hiyo picha ilikuja nyeusi na nyeupe. Sisi tulidhani ndivyo gemu ilivyo. Siku nilipoenda kibanda cha barabara ya pili nikaona miali ya moto kwenye suruali ya Jin, nilirudi mbio kuwahadithia wenzangu, na hakuna aliyeniamini. Ishike habari hii ya NTSC, nitairudia, ndiyo iliyonigharimu.

Majina ya wapiganaji hatukuyasoma, tuliwabatiza. Paul Phoenix na zile nywele zake zilizosimama wima alikuwa Ufagio. King ni Chui, hilo halikuhitaji kikao. Mokujin, yule mtu wa mbao, Gogo. Heihachi, Babu. Ogre tulimwita Zimwi, na miaka mingi baadaye nikagundua kumbe tulikuwa tumetafsiri bila kujua. Na Gon, kale kadinosari kadogo kanakopiga kwa mkia, tulikaita Kenge.

Eddy Gordo alikuwa Edi, na Edi kwa Anko alipigwa marufuku mechi ikiwa na ubishi ndani yake. Asiyejua chochote akibonyeza mateke ovyo ovyo anapinduka chini juu, juu chini, anakumaliza. Tulidhani ni sarakasi. Kumbe ni capoeira, mchezo uliolelewa na Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil, na miondoko yake ilinakiliwa kutoka kwa mwili wa mwalimu wa kweli, Marcelo Pereira. Ningelijua hilo wakati ule ningekuwa na hoja ya kumtetea Edi. Nilikuwa natumia Edi.

Kitu kingine: Anko hakuwa na memori kadi, kile kikadi cha kuhifadhi ulipofika. Tekken 3 inaanza na wapiganaji wachache, na wengine unawafungua kwa kumaliza gemu na mpiganaji mmoja baada ya mwingine. Anko alikuwa anaamka mapema, anacheza peke yake mpaka Zimwi atoke, ili tukitoka shule saa nane tumkute tayari. Umeme ukikatika saa tisa, wote wamepotea. Wakati wa mgao wa 2006 tulikuwa tunacheza na walewale wa mwanzo wiki nzima, tukaacha hata kulalamika.

Sasa, ushauri.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta "ya asili". Ukiingia kwenye mazungumzo ya wapenzi wa gemu za zamani utaambiwa kwamba Tekken 3 halisi ni ile ya mashine za sarafu, yale makabati ya gemu unayotia sarafu ndipo ucheze, iliyotoka kampuni ya Namco, Japani, mwaka 1997, na kwamba ya PlayStation ni kopi iliyopunguzwa. Kwa mambo ya mitambo hawajakosea. Ile ya sarafu iliendeshwa na bodi ya System 12, iliyojengwa juu ya mitambo ya PlayStation lakini yenye kasi zaidi. Ilipohamishiwa PlayStation mwaka 1998, mandhari ya nyuma ambayo mwanzo yalikuwa na kina yakageuzwa picha bapa. Ukitazama kwa makini huku wapiganaji wakizunguka utaona ile milima na majengo yanateleza kama pazia.

Basi nikanunua PS2 iliyotumika na sidii ya Tekken 5, kwa sababu ndani ya Tekken 5 wameweka Tekken tatu za kwanza kama zilivyokuwa kwenye mashine za sarafu. Nikaipigia chapuo nyumbani wiki nzima. Siku ya siku nikawasha, nikatafuta Kenge.

Hayupo.

Kenge hakuwahi kuwepo kwenye mashine za sarafu. Aliongezwa kwenye ile ya nyumbani, pamoja na Daktari Bosconovitch. Tekken Force, ile ya kutembea ukipiga kundi zima la watu, nayo ni ya nyumbani. Tekken Ball, ile ya mpira wa ufukweni, ni ya nyumbani. Hata Anna, ambaye kwenye sarafu alikuwa kama vazi la pili la dada yake Nina, alipata nafasi yake mwenyewe ilipofika PlayStation. Yaani nusu ya vitu nilivyokuwa nikivikumbuka vilikuwa ndani ya hiyo "kopi iliyopunguzwa". Kwa mtu aliyekulia Tokyo akitia sarafu, sawa, atafute ya sarafu. Wewe uliyekulia kwenye benchi la Anko, ya kwako ni ya PlayStation. Usiruhusu mtu akuuzie kumbukumbu za mwingine.

Kosa la pili liliniuma zaidi. Niliagiza mtandaoni kale kaboksi kanakochomekwa kwenye TV, kamejaa gemu za zamani maelfu, pedi mbili, bei nafuu. Tekken 3 imo, Kenge yumo, rangi zipo. Nikachagua Ufagio, nikapiga ile ngumi yake kubwa (chini, chini-mbele, mbele, pembetatu) na mkono ukatoka kama wa mtu aliyetoka kuugua. Nikajaribu kombo, yale mapigo ya mfululizo, vidole vinafika kabla ya mchezo. Nilikaa siku mbili nikiamini nimezeeka. Mke wangu akasema labda ni kazi ya kompyuta, nipumzishe mikono.

Kumbe ndani walikuwa wameweka toleo la Ulaya. TV za PAL za wakati ule zilikwenda na mzunguko wa mara 50 kwa sekunde, za NTSC, yaani za Marekani na Japani, mara 60, na gemu ikitolewa kwa Ulaya mara nyingi ilipunguzwa ifuate hizo 50. Ukizoea 60, ile ya 50 unahisi unapigana ndani ya uji. Wala si wauzaji wa vichochoroni tu. Hata PlayStation Classic ambayo Sony wenyewe waliitoa 2018 ilikuja na Tekken 3 ya Ulaya, na watu walipiga kelele.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Anko na TV yake isiyo na rangi. Ile kopi ya Marekani ilikuwa ikitoka kijivu, ndiyo, lakini mwendo wake ulikuwa kamili. Vidole vyangu vilijifunza mchezo kwa mwendo huo, na ndio vinaoutafuta mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, tazama namba. Iko kwenye sidii na kwenye kasha. SLUS-00402 ni ya Marekani, SCES-01237 ni ya Ulaya. Kumbuka pia kwamba sidii ya Marekani haichezi kwenye mashine ya Ulaya ambayo haijatiwa chipu ya kuiruhusu, hivyo muulize muuzaji mashine ni ya wapi, na kama imefunguliwa, nani aliifungua.

Ukinunua PlayStation yenyewe, usiridhike kuona mechi moja inacheza. Muombe muuzaji awashe, kisha usibonyeze kitu. Iache filamu ya mwanzo iende mpaka mwisho. Lenzi iliyochoka inajitangaza hapo: picha inakwama, sauti inarukaruka. Mechi inaweza kupita vizuri kabisa wakati lenzi iko hoi, filamu haifichi. Mimi hii nilijifunza baada ya kurudi nyumbani na mashine iliyokubali kusoma ikiwa imesimama kwa ubavu tu.

Pedi nayo ipime kwa Ufagio. Ingia sehemu ya mazoezi, piga ile ngumi mara kumi ukitazama kulia, kisha hamia upande wa pili upige kumi ukitazama kushoto. Pedi nyingi za bei ya chini mishale yake haishiki vizuri pembeni, kwenye chini-mbele, na unajikuta unapiga ngumi ya kawaida huku ukilaumu mikono. Ikikosa mara tatu upande mmoja, irudishe. Memori kadi chukua, hata kama umeme wa kwenu siku hizi haukatiki.

Kuhusu TV, nitasema ambalo mafundi wa mtaani wananicheka: usitupe chogo. PlayStation ilitengenezewa chogo. Kwenye flati, ule waya wa rangi tatu unaipa TV kazi ya kuigeuza picha kwanza, na hapo kati kunatokea ucheleweshaji kidogo ambao kwenye tamthilia huuoni lakini kwenye kombo unakuua. Kama flati ndiyo uliyo nayo, ingia kwenye mipangilio uitie modi ya gemu, itapungua. Chogo mimi nililipata bure, jirani alikuwa anataka limtokee tu barazani. Ni zito, jiandae na mtu wa kukusaidia kubeba.

Simu? Inawezekana. Emuleta za PlayStation, programu zinazoiga ile mashine, zipo, zinakwenda vizuri kwenye simu za kawaida, na ukiwa na sidii yako mwenyewe unaweza kuinakili gemu ukaiweka humo. Lakini ukipiga kwenye kioo, bila pedi, utaishia kutumia Edi.

Mama yangu aliwahi kunitoa kwenye kibanda cha Anko kwa sikio. Si mfano wa maneno, alinishika sikio toka benchi la nyuma mpaka nyumbani, nikiwa na ushindi wa mechi sita mfululizo. Kwake yeye vibanda vile vilikuwa chuo cha uhuni. Mwaka 2019 nilimwonyesha habari za Arslan Ash, kijana wa Lahore, Pakistan, nchi ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama, akichukua EVO ya Japani na miezi michache baadaye EVO ya Marekani, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, kwenye Tekken 7. Mama akatazama, akauliza: "Na huyu alikuwa anakwenda madrasa?" Sikuwa na jibu.

La mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko mashine, namba na waya: kabla hujanunua, jua utacheza na nani. Nilipomaliza kukusanya kila kitu sawasawa, sidii ya Marekani, mashine iliyochipiwa, chogo, kadi, nilicheza peke yangu jioni tatu. Nikamfungua Zimwi. Nikamaliza. Jioni ya nne sikuwasha. Gemu hii peke yako ni ya kuonja tu, kompyuta haikupigii kelele masikioni wala haisemi "nipishe" ukishindwa. Yule rafiki yangu wa ujumbe wa sauti anaishi Muscat siku hizi, mimi Dar. Nilimwambia asinunue mpaka ajue nani atakaa upande wa pili wa waya.

Mimi nimempata mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi, anakuja Jumamosi. Mara ya kwanza alidhani TV imeharibika.

"Mjomba, mbona wana sura za mraba?"

Nikamwambia chagua mtu, acha maneno. Akachagua Edi, bila kuambiwa na yeyote. Akanipiga mechi mbili kwa kubonyeza mateke macho yakiwa kwenye andazi. Jumamosi iliyofuata nikaleta sheria ya Anko, Edi marufuku, akasema hiyo si haki, akahamia kwa Kenge. Ni mfupi mno, ngumi za juu zote zinampita kichwani. Nimepigwa tena.

Tumegombana kitu kimoja tu mpaka sasa. Mimi namwambia huyo anaitwa Kenge. Yeye anasema ni mjusi.