Maswali Yenu: Mpira Hauchezi, Mbona Hapati Usingizi?

SWALI: Timu ya mume wangu ikifungwa, chakula hakishuki na usingizi hauji. Anapata nini katika mchezo asioucheza? – Mke wa Shabiki

JIBU: Kwanza anafuata utamu wa kutojua mwisho. Mabao ya soka ni machache, kwa hiyo hata timu dhaifu inaweza kubahatisha moja na kulilinda hadi kipenga cha mwisho. Mpe marudio ya mechi ambayo matokeo yake anayajua uone atakavyopiga miayo.

Pili, anajihesabu mmoja wao. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Timu ya chuo ikishinda, walivaa zaidi nguo zenye nembo yake na kusema “tumeshinda”, ikipoteza, “wamefungwa”. Msikilize mumeo kesho yake asubuhi.

Mwili nao haukai pembeni. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, dharura za moyo katika eneo la Munich zilizidi maradufu siku Ujerumani ilipocheza, hasa kwa waliokuwa tayari wagonjwa wa moyo. Kama mumeo anatumia dawa za moyo au presha, asiruke dozi siku ya mechi. Kifua kikimbana, jasho jembamba likimtoka au pumzi zikimwishia, ni hospitali mara moja, hata kama zimebaki penalti.

SWALI: Wanariadha wanasifiwa kupita kiasi. Si kukimbia tu?

JIBU: Televisheni inakupunja. Kamera huenda sambamba na mkimbiaji, na walio kando yake wana kasi ileile, basi jicho linakosa cha kulinganishia. Mwaka 2019 jijini Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42.195 za marathoni kwa saa 1:59:40. Haikuwa rekodi rasmi, maana alisindikizwa na wakimbiaji waliopokezana. Miguu hata hivyo ilikuwa yake. Ni wastani wa mita 100 kwa sekunde 17.

Kama una afya nzuri, pasha misuli dakika 10, kisha ujaribu mzunguko mmoja wa mita 400 kwa sekunde 68. Wengi huanza kwa pupa na kukakamaa miguu mita 100 za mwisho. Nusu ya kwanza itumie sekunde 34, si chini ya hapo. Kipchoge alikimbia zaidi ya mizunguko 105 ya namna hiyo.

Ukitazama marathoni nyingine, baada ya kilomita ya 30 angalia mabega. Yakianza kupanda na hatua kufupika, mara nyingi huyo ataachwa, hata kama bado anaongoza.